Utafiti Upi Uieleze Jamii Kazi ya Kujitegemea? Njia Nne Zikilinganishwa

Mdadisi wa utafiti mmoja wa kaya alipofika nyumbani kwetu Dar es Salaam, mimi nilikuwa chumbani nikimalizia tafsiri ya mwongozo wa pampu za maji, ambayo mteja aliitaka kabla ya saa kumi jioni. Mama ndiye aliyempokea sebuleni. Baada ya shikamoo na marahaba, maswali yakaenda vizuri mpaka zamu yangu ilipofika. "Na huyu kijana wako, mama, anafanya kazi gani?" Mama akajibu bila kusita: "Huyu hana kazi, mwanangu. Anashinda ndani na kompyuta yake." Mdadisi akagusa kishikwambi chake, kisha akaendelea na mdogo wangu. Umeme wa LUKU uliokuwa ukizungusha feni juu ya vichwa vyao nilikuwa nimeununua mimi, kwa fedha ya tafsiri ya wiki iliyotangulia.

Mama hakusema uongo. Kwake yeye, na kwa watu wengi wa mtaani kwetu, kazi ni ile ya kutoka asubuhi na kurudi jioni, yenye bosi, kitambulisho na mshahara wa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana vyama vya wafasiri, wapiga picha, wahariri, wabunifu wa michoro na watengenezaji wa programu vinapokutana, mara nyingi hoja ya kwanza mezani ni kwamba jamii haituelewi, na ya pili ni kwamba tufanye utafiti. Hapo ndipo mjadala hukwama, kwa sababu fedha iliyopo hutosha utafiti mmoja tu na kila mjumbe ana wake kichwani. Makala haya ni kwa ajili ya waliokwama hapo.

Kwamba utafiti unaweza kubadili macho ya jamii, Afrika Mashariki tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya, na ndani yake mafundi, wachuuzi na watengeneza samani wa kando ya barabara, ambao maofisa walizoea kuwaona kama watu wasio na kazi au kero ya mji, walielezwa kuwa ni wazalishaji wanaofanya kazi kwa bidii na kwa faida. Dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo mwanaanthropolojia Keith Hart alikuwa ameifikia kutokana na utafiti wake mjini Accra, Ghana, ilienea duniani kupitia ripoti hiyo ya Kenya. Leo takwimu za serikali ya Kenya zinaweka zaidi ya asilimia 80 ya ajira iliyo nje ya kilimo kidogo katika sekta hiyo, na neno jua kali, ambalo ndilo jina lake nchini humo, linatamkwa hata bungeni.

Vipimo vya kulinganishia

Njia nne zinazozungumzwa zaidi ni utafiti wa kaya, dodoso la chama, takwimu za majukwaa ya mtandaoni yanayokutanisha wateja na wafanyakazi, na mahojiano ya kina yanayoambatana na shajara za kazi. Nitazipima zote kwa mambo yale yale: nani anaonekana na nani anaachwa, swali linamfikiaje anayeulizwa, undani unaopatikana, gharama na uwezekano wa kurudia, na uzito wa matokeo mbele ya watu.

Kipimo cha pili ndicho kinachodharauliwa zaidi, nacho ndicho kinachoamua mengine yote, kwa hiyo nitakikalia kidogo. Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani. Mwaka 2014 Freelancers Union, chama cha wanaojitegemea, pamoja na jukwaa lililokuja kuitwa Upwork walitangaza kuwa Wamarekani milioni 53, sawa na asilimia 34 ya nguvukazi, walikuwa wakifanya kazi za kujitegemea. Mei 2017 Ofisi ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyohiyo ilihesabu wakandarasi wa kujitegemea, yaani wanaofanya kazi kwa makubaliano na wateja bila kuajiriwa, milioni 10.6, sawa na asilimia 6.9 ya watu wote waliokuwa na kazi. Msomaji wa gazeti akikutana na namba hizo mbili ataona kwamba mmoja anadanganya, lakini sivyo. Wa kwanza walimhesabu kila aliyefanya kazi ya ziada, ya muda au ya mkataba walau mara moja katika miezi 12 iliyopita, akiwemo mwalimu aliyetengeneza nembo moja wakati wa likizo. Wa pili waliuliza juu ya kazi kuu ya mtu katika wiki moja. Kila mmoja alijibu swali lake, ila umma ukachukua majibu mawili kana kwamba swali lilikuwa moja.

Kwetu ugumu huo una sura yake, kwa sababu neno kazi katika mazungumzo ya kila siku limekwisha kumezwa na maana ya ajira. Ukimuuliza mpiga picha za harusi kama ana kazi, atakuambia yupo yupo tu, anahangaika na mishemishe, na huenda Jumamosi mbili zijazo ameshachukua malipo ya awali. Ukimuuliza kama katika siku saba zilizopita amefanya shughuli yoyote ya kumpatia kipato, hata kwa saa moja, jibu linabadilika papo hapo. Saa hiyo moja si mzaha, kwani ndiyo kiwango cha kimataifa cha kumhesabu mtu kuwa amefanya kazi.

Utafiti wa kaya

Nani anaonekana. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoweza kusema jambo kuhusu nchi nzima, kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa kura kutoka maeneo ya kuhesabia watu na kila moja ina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Tanzania ilifanya Utafiti wa Nguvukazi mwaka 2014 na tena 2020/21, na Kenya ina tafiti zake zinazotolewa na Shirika la Taifa la Takwimu. Mshona nguo wa Tandahimba na mbunifu wa tovuti wa Mikocheni wote wamo ndani ya kapu moja. Wanaopotea ni wale wanaosemewa na wengine, kama nilivyosemewa mimi, pamoja na wale ambao kazi ya kujitegemea ni ya pili baada ya ajira, ikiwa dodoso haliulizi kwa makini juu ya shughuli ya pili.

Swali linamfikiaje. Hapa ofisi ya takwimu ina mkono uliofungwa, maana maneno ya dodoso yanapaswa kufanana mwaka hadi mwaka ili matokeo yalinganishwe. Habari njema ni kwamba Oktoba 2018 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulipitisha uainishaji mpya wenye kundi la wakandarasi tegemezi, yaani watu wanaoitwa wa kujitegemea ilhali mteja au kampuni moja ndiyo inayowapangia bei na kuwapa kazi. Hata hivyo, swali jipya lina hatari zake. Wamarekani walipoongeza mwaka 2017 maswali manne kuhusu kazi zinazopatikana kwa programu za simu na tovuti, asilimia 3.3 ya wafanyakazi walijibu ndiyo. Majibu yalipokaguliwa moja moja, ikaonekana wengi walikuwa watu walioajiriwa wanaotumia kompyuta tu kazini, na baada ya kusahihishwa idadi ikashuka hadi asilimia 1.

Undani. Ni mdogo. Utajua wangapi, umri wao, wako mjini au kijijini, saa walizofanya kazi na kipato chao kwa makadirio, lakini hutajua kwa nini mteja alichelewesha malipo miezi mitatu.

Gharama. Ni kubwa mno kwa chama, na hata serikali hukawia kurudia. Marekani yenyewe ilifanya utafiti wake huo maalumu mwaka 2005, ikakaa miaka 12 kabla ya kuurudia. Katika pengo hilo ndimo yalimoingia makadirio mengine, likiwemo la wachumi Lawrence Katz na Alan Krueger, ambao kwa utafiti wao wa 2015 waliona ongezeko kubwa la kazi zisizo za ajira ya kawaida, kisha wakarudi miaka michache baadaye kueleza hadharani kwamba ongezeko halisi lilikuwa dogo zaidi. Wasomi wa aina hiyo wanastahili heshima yetu.

Uzito. Wizara, benki kuu na bunge husikiliza namba hizi kuliko nyingine zozote. Njia hii inamfaa anayetaka kujua ukubwa wa jambo, na aliye tayari kusubiri.

Dodoso la chama

Nani anaonekana. Wale waliomo kwenye kundi la WhatsApp, wenye bando, wenye dakika kumi, na wenye la kusema. Aliyefanikiwa sana hana nafasi, na aliyekata tamaa ameshatoka kwenye kundi. Chama kikipata majibu 1,000 kutoka kwa watu wanaofuatana wenyewe kwa wenyewe, kimepata sauti kubwa ya duara lake, si sampuli ya nchi. Wingi wa majibu hauponyi kasoro hii, na hapa ndipo vyama vingi vinapojiharibia jina, kwa kuandika kwenye taarifa kwa vyombo vya habari kwamba "asilimia kadhaa ya Watanzania wanaojitegemea" wakati walioulizwa ni wanachama.

Swali linamfikiaje. Hii ni nguvu yake kubwa, kwa sababu anayeuliza na anayejibu wanajua lugha moja ya kazi. Chama cha wahariri hakihitaji kueleza maana ya masahihisho ya tatu yasiyolipiwa.

Undani. Ni wa kutosha, ikiwa maswali ni machache na ya mambo yanayohesabika, kwa mfano siku zilizopita kati ya kutuma ankara na kupokea malipo, kama mkataba ulikuwa wa maandishi, na saa zilizotumika kutafuta kazi. Shirika la Kazi Duniani lilipowadodosa, kwa ajili ya ripoti yake ya mwaka 2018, wafanyakazi wa kazi ndogondogo za mtandaoni wapatao 3,500 katika nchi 75, liligundua kuwa kwa kila saa moja ya kazi iliyolipwa, mtu alitumia kwa wastani dakika 20 kwa shughuli zisizolipwa, kama kutafuta kazi na kufanya majaribio. Namba moja kama hiyo humfanya jirani aelewe kwa nini aliye nyumbani siku nzima analalamika kuchoka.

Gharama. Ni ndogo, na dodoso linaweza kurudiwa kila mwaka kwa maneno yaleyale. Chama kikumbuke tu kwamba majina na namba za simu za waliojibu ni taarifa binafsi, zinazolindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Jambo jepesi ni kutoziuliza kabisa.

Uzito. Ni wa wastani mbele ya serikali, lakini ni mkubwa penye dhuluma mahususi. Freelancers Union walifanya kampeni ndefu mjini New York kuhusu malipo yanayocheleweshwa au kutolipwa kabisa, wakitumia majibu na simulizi za wanachama wao, na jiji likapitisha sheria iliyoanza kutumika Mei 15, 2017, inayodai mkataba wa maandishi kwa kazi ya dola 800 na kuendelea, na malipo ndani ya siku 30 pale ambapo tarehe haikutajwa. Njia hii inawafaa wenye jambo moja la kudai, na walio tayari kuandika wazi kuwa walioulizwa ni wanachama.

Takwimu za majukwaa

Nani anaonekana. Anayeonekana hapa ni kazi au akaunti, si mtu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Otto Kässi na Vili Lehdonvirta, walianzisha kielezo kinachofuatilia matangazo ya kazi katika majukwaa matano makubwa ya Kiingereza, na baadaye wakaongeza ya Kihispania na Kirusi. Kinaonyesha kwa ufasaha kazi zinatoka nchi gani na ni za aina gani. Lakini oda ya kadi za mwaliko iliyopokewa kwa WhatsApp mjini Mombasa na kulipwa kwa M-Pesa haimo, na haitaingia. Isitoshe, anayejua mambo ya uandishi wa mtandaoni Kenya anajua kwamba akaunti hukodishwa na kuuzwa, kwamba mwenye akaunti moja yenye nyota nyingi huweza kugawa kazi kwa vijana watano, na kwamba kijana mmoja huweza kuwa na akaunti katika majukwaa matatu.

Ugumu huo unaonekana katika makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2023, iliyotaja majukwaa 545 na kukadiria wafanyakazi wa aina hii duniani kuwa kati ya milioni 154 na milioni 435. Wengine waliucheka upana huo. Mimi nauona kuwa uungwana, kwa sababu umeacha mashaka yaonekane badala ya kuyafunika kwa namba moja nzuri ya kichwa cha habari.

Swali linamfikiaje. Hakuna anayeulizwa, kwa hiyo hakuna wa kuaibika wala wa kutia chumvi, lakini pia hakuna wa kueleza.

Undani. Bei, ujuzi unaotafutwa na mwendo wa soko hupatikana kwa wingi. Maisha ya mtu hayapatikani.

Gharama. Anayetumia takwimu zilizokwisha kuchapishwa halipi kitu, na zinaweza kufuatiliwa mwezi hadi mwezi. Anayetaka za ndani ya kampuni atategemea hiari ya kampuni.

Uzito. Waandishi wa habari huzipenda, nao walimu wa vyuo vya ufundi huzihitaji. Zinamfaa anayepanga mafunzo kwa vijana wanaolenga wateja wa nje, hazimfai anayetaka kuwaeleza majirani ni nani anaishi kwa kazi hii.

Mahojiano ya kina na shajara

Nani anaonekana. Watu wachache, lakini wanaonekana wakiwa kamili. Utafiti wa Alex Wood, Mark Graham, Vili Lehdonvirta na Isis Hjorth uliochapishwa mwaka 2019 ulijengwa juu ya mahojiano na wafanyakazi 107 wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini-Mashariki, ukaongezewa dodoso la watu 679.

Swali linamfikiaje. Anayehojiwa ana nafasi ya kulikataa swali. Ukimwambia "wewe umejiajiri," anaweza kusema kwamba hapana, mteja mmoja wa nje ndiye anayempangia hata saa ya kulala, na hapo umepata kitu ambacho hakuna kisanduku cha dodoso kingekinasa.

Undani. Hakuna njia inayoifikia hii. Utafiti nilioutaja ulionyesha mambo mawili yanayokaa ndani ya mtu mmoja. Wafanyakazi walithamini uhuru na kazi zenye mabadiliko, na wakati huohuo walieleza upweke, kazi za usiku, kukosa usingizi na kuchoka, huku alama za wateja zikiwaongoza kama msimamizi asiyeonekana. Jamii ikisikia upande mmoja tu, itatuona ama watu wa raha ama watu wa kuhurumiwa. Shajara huongeza kile ambacho kumbukumbu huficha. Niliwahi kuandika yangu kwa wiki mbili kwenye daftari la shule, nikijaza kila nusu saa, na nikakuta kwamba muda wa kuandika bei, kukumbushia madeni na kusubiri umeme ulikaribia muda wa kutafsiri. Kabla ya hapo ningeapa kuwa nusu yake haufiki.

Gharama. Fedha ni kidogo, muda ni mwingi. Kunakili saa moja ya sauti huchukua saa kadhaa, na mtafiti anaweza kuhitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, yaani COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya.

Uzito. Simulizi hukaa moyoni kuliko asilimia, lakini ofisa wa bajeti atauliza: wako wangapi wa aina hii? Ipo pia hatari ya kumtambulisha mtu. Ukiandika "mfasiri wa Kijerumani anayeishi Arusha," wenzake wote wameshamjua, hata kama jina umeliacha. Njia hii inamfaa mwanafunzi, mwandishi wa habari, na chama ambacho bado hakijui kiulize nini.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa lengo ni kuishawishi serikali kwamba kundi letu ni kubwa na linastahili nafasi katika hifadhi ya jamii, usijaribu kuhesabu nchi kwa fedha ya chama. Tumia nguvu hiyo kuandika hoja ya maswali mawili au matatu ya kuongezwa katika utafiti ujao wa nguvukazi, ukiegemea uainishaji wa 2018, na uombe kwamba mhusika mwenyewe ndiye aulizwe.

Ikiwa wanachama wanadhulumiwa malipo, dodoso la chama ndilo la haraka, likiwa na maswali yasiyozidi kumi na mahojiano machache pembeni. Ikiwa ni chuo au mradi wa vijana unaochagua ujuzi wa kufundisha, anza na takwimu za majukwaa, kisha waketishe waliowahi kufanya kazi hizo wakueleze kilichobaki mfukoni baada ya makato. Ikiwa wateja wenu hupatikana kwa jina na kwa simu, kama ilivyo kwa wapiga picha, washereheshaji na mafundi wa sauti, takwimu za majukwaa ziacheni kabisa.

Mwenye fedha ya njia mbili aanze na mahojiano ndipo aende kwenye dodoso, kwa sababu maneno sahihi ya maswali hutoka vinywani mwa watu wa kazi yenyewe. Wengi hufanya kinyume chake, wakajikuta na majibu 600 ya swali ambalo halikueleweka.

Na asiye na fedha kabisa anaweza kufanya jambo moja ambalo watafiti wakubwa hulisahau. Achukue maswali yaliyopo, ayaandike kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha ayajaribu kwa watu kumi wanaojitegemea na, siku nyingine, kwa watu wanaoishi nao, yaani mama, mke, kaka, mpangaji mwenza. Kila mahali majibu ya pande mbili yatakapopishana, alipigie mstari swali hilo na kulipeleka, pamoja na majibu yote mawili, kwa wale wanaoandaa dodoso.